Tangi la Vichwa na Mikia

Jumatatu, 7 Agosti

Kimya. Moto umezimwa tangu Ijumaa na masikio yangu bado yanausubiri. Kila mwaka ni hivi hivi — Agosti mabirika ya shaba yanapumzika, kijito kinakonda, na Dunorna, kiwanda chetu cha wiski hapa kisiwani, inabaki nyumba tu yenye bomba refu la moshi. Mwaka huu kimya kimezidi kwa sababu baba hayupo. Aliteleza kwenye ngazi ya ghala la tatu, nyonga ikavunjika, helikopta ikamchukua mpaka bara. Hii ni wiki ya tatu. Jana kwenye simu aliniuliza habari za paka, kisha za birika dogo, kisha — mwishoni kabisa! — habari zangu.

Ndugu yangu Ruari amepiga simu leo kutoka Edinburgh. Mambo yameiva, anasema. Mabwana wa kampuni wanakuja Ijumaa ya tarehe 22 Septemba na karatasi zao, baba atatia sahihi, basi. Nikamwambia, unauza nyumba ya babu kama mtu anayeuza kondoo. Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. "Dada yangu, baba ana miaka sabini na nyonga ya chuma. Wewe una arobaini na mbili na mgongo wa bibi kizee. Mtaviringisha mapipa mpaka lini?" Mgongo unauma kweli.

Haya. Lakini kama wanakuja, hawatakuta uchafu. Wasije wakasema watu wa Dunorna walikuwa wanaishi kama nguruwe! Nitasugua kila kitu, kuanzia sakafu ya kimea mpaka lile tangi la nyuma. Baba akirudi atakuta nyumba inang'aa. Ni zawadi yangu kwake, hata kama ni zawadi ya kuagana.

Alhamisi, 10 Agosti

Leo tangi la vichwa na mikia. Mkono haunyanyuki — naandika kwa shida.

Nilipokuwa mtoto baba alinifundisha kwa vidole vyake. Kidole gumba: kichwa, kile kinachotoka kwanza kwenye birika dogo, kikali, kinachoma pua. Kidole cha mwisho: mkia, kizito, kinanuka soksi. Vidole vya katikati: moyo. Moyo peke yake ndio unaoingia pipani na kulala miaka. Kichwa na mkia vinarudishwa kwenye tangi lile la chuma, gizani nyuma ya mabirika, vingoje kupikwa tena na zamu ijayo. Nimepita mbele ya tangi hilo maisha yangu yote. Sikuwahi kuuliza lina nini ndani.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame — nami niliinama mpaka nikaingia mzima mzima! Mlango wazi tangu jana, feni inapuliza, kamba kiunoni, Lachie ameshika ncha ya pili. Nikawasha tochi. Kuta zote zilikuwa zimevaa kitu. Rangi ya kahawia, laini kama siagi iliyosahauliwa dirishani, unene wa vidole viwili. Kikwangua kinazama bila sauti. Nilikwangua, nikamwaga maji ya moto na magadi, nikasugua, nikakwangua tena. Ndoo kumi na moja! Nilitoka nimepakwa mpaka nyusi.

Lachie amesimamia mabirika tangu ana miaka kumi na sita, na sasa ana mvi mpaka masikioni. Alikuwa ananitazama kama mtu anayetazama mwenzake akinyoa kondoo asiye wake.

"Babu yako hakuwahi kulifungua," akasema.

"Kwa nini?"

"Sijui. Baba yako naye hakulifungua."

"Na wewe hukuuliza?"

"Binti, hapa mtu akiuliza anapewa kazi." Akachota kopo moja la ule utando, akasema litafaa kwa bawaba za lango lake. Ndoo zilizobaki tumezichoma nyuma ya banda. Moto ulipanda juu mrefu, mweupe, bila moshi hata kidogo. Tulisimama tukiutazama na sijui kwa nini Lachie alivua kofia.

Ubavuni mwa tangi kulikuwa na maandishi ya rangi nyeupe, mwandiko wa babu, kama yale ya vichwa vya mapipa: 14 MACHI 1961. Siku waliyolileta tangi, nadhani. Rangi ilikuwa imebanduka vibaya, nikaikwangua nayo. Sasa tangi linang'aa. Nimeuona uso wangu humo!

Jumapili, 13 Agosti

Kanisani asubuhi, kanisani jioni. Hakuna kazi, hakuna redio, hata nguo hazianikwi. Shangazi Ishbel akijua naandika siku ya Bwana atanisema mpaka Krismasi. Viazi na samaki wa heringi, baridi. Nimepita chumba cha mabirika kulitazama tangi langu tu, sikugusa kitu.

Jumatano, 23 Agosti

Shangazi anageuza kimea. Miaka sitini na nane, sepetu ya mbao ndefu kuliko yeye, na anakwenda nyuma-mbele kwenye ile sakafu kama anacheza dansi na mtu ambaye simuoni. Nimesaidia saa mbili nikaomba poo.

Sakafu nzima ya shayiri, na kila punje imetoa mizizi midogo. Ukiingiza mkono chini ni joto, joto la mwili wa kitu kilicho hai! Shangazi alichukua punje moja, akaibana kwa kucha, akaipitisha ukutani. Ikaacha mstari mweupe kama chaki. "Imeiva," akasema. Ukuta ule una mistari ya miaka na miaka, yake na ya mama yake, mmoja juu ya mwingine. Hakuna mashine. Ni kucha na ukuta tu. Mimi huwa napangusa macho kila mwaka nikiona, na kila mwaka najidai ni vumbi.

Wakati wa chai wakaanza ubishi wao wa kudumu, yeye na Lachie. Ladha ya Dunorna inatoka wapi? Maana ladha yetu hakuna mwingine aliye nayo. Wiski yetu ina nta. Ni kama mshumaa uliozimwa sasa hivi, na ukiinywa inapaka midomo, unailamba mpaka unapanda kitandani.

"Ni maji," shangazi akasema. "Kisima chetu kina baraka."

"Ni shingo ya birika," akasema Lachie. "Lilianguka kutoka kwenye boti enzi za babu wa babu, likabonyea. Pale kwenye bonde ndipo mvuke unajikunja."

"Bonde liko kichwani mwako."

"Na kisima kiko kwenye goti lako, maana nakisikia kinavuja ukipanda ngazi!"

Nilicheka mpaka chai ikanitoka puani. Baba husema ni vyote viwili, maji na shaba. Baba hapendi ugomvi.

Jumatano, 30 Agosti

Tumewasha! Kimea kimesagwa, maji ya moto yamemwagwa, na harufu ya uji mtamu imejaa mpaka kwenye nywele. Mapipa makubwa ya mbao yanachachua, povu linapanda na kushuka. Usipolipiga litatoka dirishani. Baba alitaka nimwekee simu karibu na pipa asikilize. Nikaiweka. Akasikiliza dakika tano nzima kutoka kitandani bara, anapumua tu.

Jumanne, 5 Septemba

Sijui niandikeje.

Leo moyo wa kwanza umetoka. Lachie aliketi mbele ya kabati la kioo, pale spiriti inapopita tuione bila kuigusa. Alisubiri kichwa kipite, akageuza mkono wa bomba. Maji meupe, maangavu, mrija mwembamba kama sindano ya kufumia. Shayiri iliyokuwa sakafuni wiki mbili zilizopita, yenye mizizi — ndiyo hii!

Tukachota kule inakoangukia. Nikamimina kiganjani, nikasugua mikono, nikaileta puani kama baba alivyonifundisha.

Peasi. Majani yaliyokatwa. Utamu safi, safi sana.

Nikasugua tena. Nikangoja nta. Hakuna.

Nikamtazama Lachie. Naye mikono yake iko puani, macho kayafumba, na hayafumbui.

"Huenda ni kwa sababu ni ya kwanza," akasema mwishowe. "Mabirika yamelala mwezi mzima."

Alisema hivyo bila kunitazama.

Alhamisi, 7 Septemba

Moyo wa pili, moyo wa tatu. Peasi na majani. Ni spiriti nzuri! Hilo ndilo linaloniudhi — nzuri, ya mtu mwingine.

Tumekagua kila kitu. Nimepanda mpaka kisimani kwenye mvua, nimekunywa maji kwa mikono. Yaleyale. Shayiri ni ya shamba lilelile. Hamira ileile. Lachie amepanda ngazi akalipapasa bonde la birika, taratibu, kama daktari. Bonde lipo. Shangazi ameacha kumtania, jambo ambalo limenitisha kuliko yote. Amekaa jikoni akasema polepole kwamba labda Mungu ameona tunauza, ameichukua ladha yake mapema.

Jumamosi, 9 Septemba

Mvua ya kukata na shoka tangu alfajiri. Koti langu jema lilikuwa limelowa, nikalitwaa lile bovu la kazini, linaloning'inia kwenye msumari wa ukumbini tangu Agosti. Nikalivaa. Nikavuta kola juu ya masikio.

Baba!

Ndivyo nilivyosema, kwa sauti, peke yangu ukumbini. Nilidhani kaingia. Ilikuwa harufu yake, mikono yake akirudi jioni, sweta yake, kiti chake. Harufu ya mshumaa uliozimwa. Nilinusa kola, nikanusa mkono, nikanusa kifua. Koti lote limeganda ule utando wa kahawia. Nililivaa siku ile ndani ya tangi na sikulifua.

Nimekaa chini sakafuni. Sijui kwa muda gani.

Haikuwa maji. Haikuwa shaba, wala bonde la birika. Vichwa na mikia vinaingia tangini, vinaacha kitu kidogo ukutani, unyoya wa kitu, kisha vinarudi birikani vimebeba kidogo cha kile walichoacha wenzao. Kila wiki. Miaka sitini na miwili! Kitu kimekaa gizani, hakuna aliyekitazama, hakuna aliyekishukuru, kikipaka midomo ya watu mpaka nchi za mbali. Sisi juu tunabishana kuhusu kisima. Na chenyewe kinafanya kazi tu.

Na mimi nikakitoa kwa ndoo. Nikakichoma moto. Nikajiona kwenye kioo cha chuma nikafurahi.

Nimelia, ndiyo. Lakini sikulia kwa huzuni peke yake. Sijui nielezeje. Ni kama kugundua kwamba yule bibi aliyekuwa akifagia kanisa miaka yote ndiye aliyekuwa akiimba ile sauti ya pili uliyodhani ni ya ukuta.

Jumatatu, 11 Septemba

Nimemwambia Lachie. Nilimpa koti, nikasema nusa. Akanusa. Akaenda kukaa kwenye ngazi.

"Miaka arobaini na nane," akasema, "nimekuwa nikijivunia mkono wangu. Kumbe ni masizi ya sufuria!"

Kisha akacheka, kicheko kibaya, kisha akapangusa uso. Nikamuuliza lile kopo lake. Bawaba zote za lango, akasema, na amelichanganya na grisi ya trekta. Kondoo wake wanapita kwenye lango bora kuliko yote Uskoti.

"Itarudi?" nikamuuliza.

"Tukiendelea kupika, labda. Miaka mingapi, sijui. Mitano? Ishirini?"

Halafu akasema jambo ambalo limenikaa kifuani. Akasema: "Nyamaza, binti. Zimebaki siku kumi na moja. Mabwana wakishachukua, ladha ikibadilika, watu watasema ni wao. Hakuna atakayekutaja. Baba yako atakufa hajui."

Majuto ni mjukuu, walisema. Hapa mjukuu ndiye mimi.

Alhamisi, 14 Septemba

Baba amerudi. Kivuko cha saa sita, fimbo mbili, mwembamba, shingo inaogelea kwenye kola. Shangazi alimwambia umekonda kama reki, naye akamwambia wewe umenenepa kwa niaba yangu. Basi tukajua amepona.

Alitaka kwenda chumba cha mabirika kabla ya kuvua kofia. Nilimshika mkono, moyo wangu unapiga mpaka kwenye meno. Akaweka kiganja kwenye shaba ya birika dogo, palipo na joto la kuvumilika, akakiacha hapo. Nikamchotea kidogo kwa sababu ameagiza. Akasugua mikono. Akanusa.

"Sisikii kitu," akasema. "Mafua ya wodini haya. Pua imezibwa kama chupa."

Asante Mungu. Halafu nikaona aibu kwa kumshukuru Mungu kwa mafua ya baba yangu.

Jioni tulikaa naye jikoni. Nilimuuliza kama kweli atatia sahihi. Akakoroga chai isiyo na sukari. "Marsaili, mwanangu, watu hupita. Mimi napita, na ninyi hamna watoto wa kuachiwa. Lakini maji hayapiti. Shaba haipiti. Ladha iko huko, hata aje nani mlangoni. Kama ningedhani iko mikononi mwa mtu, nisingeuza mpaka kaburini. Ndiyo maana nalala usingizi."

Analala usingizi! Mimi niko macho.

Jumatano, 20 Septemba

Ruari amefika. Amembusu shangazi, ameniletea mafuta ya mgongo, amepasua kuni bila kuombwa. Ningependa awe mtu mbaya, ingekuwa rahisi. Si mtu mbaya. Anaogopa tutamwita usiku mmoja kumwambia mmoja wetu ameangukiwa na pipa.

Baada ya chakula akatandaza michoro ya kampuni mezani. Nzuri, rangi tatu. Mabirika yatabaki, kisima kitabaki, hata shangazi anaweza kubaki na sepetu yake wageni wampige picha. Baba anatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo. Kisha kidole cha Ruari kikashuka nyuma ya mabirika.

"Hili la chuma linatoka wiki ya kwanza. Linaingia la chuma kisichoshika kutu, linajiosha lenyewe kila Jumatatu. Usafi wa hospitali, baba!"

"Vizuri," baba akasema. "Lile lilikuwa limechakaa."

Uma niliokuwa nikiuondoa mezani ulinidondoka.

Kila Jumatatu! Nilichokifanya mimi mara moja, kwa ujinga na kikwangua, wao watakifanya kila wiki, kwa mashine, milele. Haitarudi kamwe. Na baba atakuwa amekaa dirishani anasema ladha iko kwenye maji. Hakuna mtu duniani mwenye ushahidi kwamba anakosea isipokuwa mimi, na ushahidi wenyewe ni dhambi yangu. Nikisema, mimi ndiye niliyeua ladha ya Dunorna. Nikinyamaza, nimeizika kabisa.

Lachie alikuwa mlangoni, amekuja kuchukua funguo. Macho yetu yakakutana. Akatazama viatu vyake.

Alhamisi, 21 Septemba

Pua ya baba imefunguka. Asubuhi alilalamika kwamba uji umeungua kabla haujaungua.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kesho, kabla ya kivuko.

Ijumaa, 22 Septemba

Naandika nikiwa chumba cha mabirika, nimekalia ndoo iliyopinduliwa, daftari kwenye goti. Baba ndiye aliyeniambia niandike. Nitafika huko.

Saa nne asubuhi. Baba alikuwa jikoni, suti ya mazishi, tai, amenyoa. Karatasi ziko ndani ya bahasha, Ruari ameishika. Nikaweka glasi mbili mezani. Nikasema, baba, hii ni ya Julai, kabla hujaanguka. Hii ni ya juzi.

Akanitazama. Akavua koti la suti, akalitundika, akakunja mikono ya shati. Kwa baba kunusa ni kazi, hakufanywi mtu akiwa amevaa koti. Akamimina ya Julai kiganjani, akasugua, akaifunika pua yake kubwa kwa mikono miwili kama mtu anayesali. Tabasamu likaja polepole.

"Hii ni sisi," akasema.

Akapangusa mikono vizuri. Akamimina ya pili. Akasugua. Akanusa. Akanusa tena. Tabasamu likaondoka, akaniuliza kwa upole kabisa, kama mtu aliyepewa barua ya jirani kwa bahati mbaya:

"Hii ni ya nani?"

"Ni yetu, baba."

Nikasema yote. Tangi, kikwangua, ndoo kumi na moja, moto mweupe. Nikamletea koti. Sauti yangu ilikuwa inakimbia mbele yangu na siwezi kuikamata. Nikasema ilikuwa zawadi. Nikasema nisamehe. Nikasema, baba, haipo kwenye maji, haipo kwenye shaba, ilikuwa humo tangini, na hawa watu wataliosha kila Jumatatu.

Ruari alikuwa amekaa. Shangazi alikuwa amesimama, mkono mdomoni. Saa ya ukutani ikalia kama iko ndani ya kichwa changu.

Baba akanyoosha mkono. Akachukua koti, akalinusa kola muda mrefu. Kisha fimbo zake. Akatoka, anavuka ua kwenye manyunyu, nasi nyuma yake kama vifaranga. Akaenda moja kwa moja nyuma ya mabirika, akasimama mbele ya tangi langu linalong'aa. Akaligonga kwa fimbo. Likalia kama kengele.

"Zamani halikuwa na sauti," akasema. Kisha akauliza: "Na maandishi ya baba yangu?"

"Nilidhani ni siku lilipoletwa. Niliyakwangua."

"Hata mimi nilidhani hivyo." Akalipapasa ubavu. "Lakini tangi hili lina umri mkubwa kuliko mimi. Nimezaliwa nimelikuta."

Nikaona kitu kinapita usoni mwake, taratibu, kama mtu anayepandisha ndoo kutoka kisima kirefu.

"Mwaka ule wa sitini na moja nilikuwa na miaka minane," akasema. "Baba aliacha kuimba. Alikuwa akiimba kazini siku zote, mpaka mama alikuwa akimrushia viazi. Masika yale akaacha, ghafla. Mama akatuambia ni kwa sababu farasi amekufa. Miaka saba, Marsaili! Hakuimba miaka saba. Kisha asubuhi moja nikiwa kijana namsikia, humu humu, anaimba mpaka mabati yanatetema. Mimi nikadhani ndio amemsahau farasi."

Akaanza kucheka. Akacheka mpaka akashika birika, akaungua, akaendelea kucheka. "Farasi!" anasema. "Shetani mzee! Aliliosha! Aliliosha, akaona aibu, akaandika tarehe kama tunavyoandika pipa likijazwa — akakaa kungoja. Na hakumwambia mtu!" Machozi yanateremka. Shangazi naye analia, anasema alimpenda yule farasi, alimsikitikia miaka yote saba.

Nikafikiria babu peke yake na tangi lake safi. Anapika kila wiki. Ananusa kila wiki. Peasi na majani, peasi na majani, miaka saba, na bado anawasha moto. Nywele zimenisimama. Zimesimama hata sasa ninapoandika.

Baba akapangusa uso. Akasema: "Lachie, niletee kopo la rangi nyeupe. Na brashi ya mapipa."

Kisha akanigeukia. "Na wewe, una lile daftari lako unaloficha chini ya mto. Nenda kalilete, kaa hapa, andika. Babu yako hakuandika. Ona alivyotusumbua."

Ndio niko hapa.

Baba amepiga magoti — na ile nyonga! — Lachie anamshika kwapani. Amepangusa chuma kwa kiwiko, mahali palepale. Ameniuliza tarehe niliyosugua. Nimemwambia. Anaandika kwa herufi kubwa, pole pole, ulimi nje kama mtoto wa shule: 10 AGOSTI.

Honi ya kivuko imelia kitambo. Ruari alikwenda na kurudi. Sasa yuko mlangoni, bahasha kwapani, kalamu mkononi, ile nzuri, ya wino.

"Baba, wamefika. Wako langoni."

"Nasikia."

"Kalamu hii hapa."

"Naiona, mwanangu. Nina brashi mkononi."

Ruari hakuchukia. Ameingia ndani, analitazama tangi, kisha ameinama na kunusa lile koti nililoliacha kwenye ngazi. Amekaa nalo.

Baba anahesabu kwa midomo. Miaka yake sabini, na saba ya babu, namsikia. Ananong'ona sabini na saba.

Milango ya gari inafungwa uani. Mmoja. Wa pili. Wa tatu. Shangazi anawaambia wageni karibuni, chai iko tayari, uongo mtupu, hajaweka hata maji. Lachie anamuuliza baba, Torcuil, nikuinue? Baba anasema bado, mwaka bado. Anachovya brashi tena.